Askofu wa c1 aende wapi: f4, g5 au b2?

Jumamosi moja, kwenye ukumbi tunaouazima huko Umoja, Nairobi, kufundishia watoto sataranji, msichana wa gredi ya saba aliinua mkono mchezo ukiwa bado mbichi. Alikuwa na vyeupe. Kitunda chake (kile kipande kidogo cha mstari wa mbele) cha d4 kilishasimama katikati, na alikuwa anakitazama kitunda cha e2 kama mtu anayetazama mlango asiojua unafungukia upande gani. "Kocha, nikisukuma hiki hatua moja, huyu atatokea wapi?" Huyu ni askofu wa c1, ambaye tayari alikuwa amemshika kichwa. (Kwenye mashindano hapo angeshalazimika kumchezesha. Ukigusa, umecheza.)

Sikuwa na jibu la sentensi moja, na d4 nimeicheza miaka. Ukifungua kwa kitunda cha malkia, askofu wa miraba myeupe hana kesi: e3 inamfungulia, anatoka zake d3. Mwenye kesi ni mwenzake wa miraba myeusi. Kitunda kikitua e3 kinasimama katikati ya mshazari wake, na kuanzia hapo yuko ndani au yuko nje. Akiwa ndani, kutoka ni shida. Akiwa nje, kurudi ni shida pia, na hilo la pili wengi hatulifikirii mpaka tuumie.

Njia zake kubwa ni tatu: atoke mapema aende f4, atoke aende g5, au abaki nyumbani na apitie b2. Nitaandika hatua kwa herufi zilezile za programu za simu: B ni askofu, N farasi, R ngome, Q malkia, na kitunda hakina herufi. Herufi ndogo na namba, kama f4, ni jina la mraba; x ni kula; na nukta tatu baada ya namba ya hatua zinaonyesha anayecheza ni Mweusi.

Vipimo

Nitaipima kila njia kwa mambo manne. La kwanza ni kazi: akifika pale anatazama nini, anasaidia nani? La pili ni deni. Askofu wa c1 ndiye mlinzi wa b2, kwa hiyo akiondoka kitunda hicho kinabaki yatima, na kila mpinzani mwenye malkia anajua njia ya kufika b6. La tatu ni mpinzani: mpango wako unasimama hata akicheza anavyotaka, au unategemea ajibu kwa namna fulani? La nne ni muda wa kusoma, kwa sababu mtu anayetoka kazini Industrial Area saa kumi na mbili jioni na kukaa kwenye foleni ya Jogoo Road hana jioni sawa na mwanafunzi aliye likizo.

Sijaweka "ipi ni bora" kama kipimo. Zote tatu zimechezwa na mabingwa, na zote tatu zimepoteza.

Njia ya f4

Hii ndiyo inayoitwa mfumo wa London, jina lililotokana na mashindano ya London ya 1922. Unacheza d4, unamtoa askofu f4 hatua ya pili au ya tatu, ndipo unafunga kwa e3. Kisha c3, Nf3, Nbd2, Bd3, na h3 panapo nafasi. Vitunda vya b2, c3, d4 na e3 vinapanda kama ngazi, na askofu yuko nje ya ngazi.

Kazi yake. Anatazama e5, d6 na c7. Mraba wa e5 ndio wenye mali: farasi wako akitua pale, d4 iko chini yake na askofu yuko pembeni yake, na kumng'oa si kazi ndogo. Mweusi akileta askofu wake d6 akitaka wabadilishane, unaweza kurudi g3 na kumwacha ale yeye. Ukilipiza kwa kitunda cha h, ngome yako ya h1 inapata mstari mzima wazi kuelekea kwa mfalme wake. Wengi wanaoanza huogopa vile vitunda viwili vya g kupandana. Mimi naona ni zawadi, mradi hujamficha mfalme wako upande huohuo.

Deni. Mweusi anacheza c5 kisha Qb6, na b2 inaguswa. Jibu la kawaida, c3 yako ikiwa imeshachezwa, ni Qb3, malkia kwa malkia. Akisukuma c4 kukufukuza unarudi c2, bado unailinda b2. Deni la pili ni la mlango. e3 ikishafungwa, askofu wa f4 hana njia ya kurudi nyumbani. Farasi wa Mweusi akiruka h5 anamwinda, na usipokuwa na shimo la kujificha utalazimika kumbadilisha na farasi huyo. Ile h3 inayoonekana kama hatua ya woga ndiyo inayochimba shimo hilo: askofu anapata h2.

Mpinzani. Hapa ndipo London ilipopata umaarufu wake. Karibu kila anachocheza Mweusi, wewe unajenga nyumba ileile. Inapungua makali pale anapoweka d6 na g6, kwa sababu askofu wako anang'ata jiwe, kisha anatishiwa na e5 inayokuja. Si kwamba utashindwa. Ni kwamba yule askofu uliyemtoa kwa shangwe anaishia h2 akitazama mgongo wa kitunda.

Muda. Wikendi moja ya kukaa vizuri na simu yako, uko tayari kucheza. Na usidhani ni mchezo wa watoto. Kwenye pambano la ubingwa wa dunia la 2023 huko Astana, Ding Liren alimchezea Ian Nepomniachtchi mfumo huu kwenye mchezo wa sita, akashinda, na mwishowe akawa bingwa.

Anawafaa wenye muda mfupi wa kusoma, wenye michezo ya dakika kumi au kumi na tano, na wanaopenda kujua watakaa wapi kabla ya kuingia. Hawafai wale wanaochoka na vyakula vilevile. Na kuna ugonjwa wake: mtu anacheza hatua nane bila kutazama ubao, mkono unajua wenyewe, halafu hatua ya tisa anagundua mpinzani alifanya jambo hatua ya nne.

Njia ya g5

Hapa kuna familia nzima, si mtu mmoja, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Ukienda g5 hatua ya pili, baada ya 1.d4 Nf6 2.Bg5, huo ni ufunguzi wa Trompowsky, uliopewa jina la Octávio Trompowsky, bingwa wa Brazil wa 1939. Ukianza na Nf3, Mweusi akajibu e6, ndipo ukaenda g5, ni shambulio la Torre. Na Mweusi akiwa na d5, ukisukuma c4 kwanza, ukamtoa farasi c3, ndipo Bg5, uko ndani ya gambiti ya malkia ya kale: kitunda cha c4 kinatolewa kiliwe, na Mweusi asipokila inaitwa iliyokataliwa.

Kazi yake. Lengo ni farasi wa f6. Akiwa na malkia nyuma yake pale d8, amefungwa kamba: akiondoka, malkia analiwa. Hata asipofungwa, Trompowsky inamtishia kumla na kumvurugia vitunda. Unatoa askofu mzuri, unapata vitunda vya mpinzani vilivyopandana. Kama unapenda biashara hiyo, g5 ni kwako. Kama unawapenda maaskofu wako wawili kama mbuzi wa nyumbani, utalala vibaya.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Moscow, 1925. Carlos Torre, kijana wa Mexico, alikuwa anacheza na Emanuel Lasker aliyekuwa bingwa wa dunia miaka 27. Torre alimweka askofu g5 hatua ya tatu na kufunga e3 hatua ya nne. Lakini hatua ya tano kitunda hicho kilikula d4, na mlango ukafunguka tena. Hatua ya 14 askofu akarudi c1, nyumbani kabisa, kama mtu aliyesahau simu. Watu wangedhani amepoteza muda. Kisha akarudi g5 kwa kula hatua ya 19, na hatua ya 25 akaruka f6, akimwacha malkia wake wa h5 aliwe. Lasker alimla. Ngome ikala g7 na kumpa mfalme cheki, mfalme akaenda h8. Ngome ikasogea f7 ikila kitunda, na askofu nyuma yake akafunguka: cheki nyingine. Mfalme akarudi g8, ngome ikarudi g7, cheki. Kwenda na kurudi, kama kinu, kila mzunguko kitu kinaliwa, na mwisho ngome ikaenda kumchukua malkia pale h5. Ukimaliza kuusoma, uweke ubaoni uucheze kwa mkono. Kwa macho tu hauingii.

Deni. b2 ipo tena, na kwenye Trompowsky inakuja haraka: 2...c5 3.d5 Qb6. Wanaoujua mchezo huu hawailindi. Wanacheza 4.Nc3, na malkia akila b2 askofu anarudi d2, kisha e4 inafuata na Mweusi anajikuta amekula kitunda huku vyeupe vimetoka vyote uwanjani. Ni deni unalolipa kwa kutolilipa, na si kila mtu ana moyo huo.

Halafu kuna lile la mlango. Hili lilinitokea mimi, kwenye mashindano ya wikendi hapa Nairobi, na aliyenifanyia alikuwa mvulana ambaye miguu yake haikufika sakafuni. 1.d4 Nf6 2.Bg5 c6. Nikaona c6 ni hatua ya usingizi, nikacheza 3.e3 nikainuka kwenda kununua chai. Niliporudi malkia wake alikuwa a5. Cheki kwa mfalme wangu kwenye mshazari, na kwenye safu ya tano, bila kizuizi chochote, anamtazama askofu wangu wa g5. Laiti nisingesukuma e3, askofu angerudi d2, akaziba cheki na kumtishia malkia kwa pigo moja. Lakini njia ilipita e3, na e3 nilikuwa nimeifunga mwenyewe. Chai ile niliinywa nikiwa nimepungukiwa askofu.

Mpinzani. Hiki ndicho kipimo ambacho g5 inashindwa na f4. Trompowsky inataka 1...Nf6. Mweusi akicheza 1...d5, g5 haimfungi mtu yeyote, na ni mchezo mwingine. Hata baada ya Nf6, jibu la 2...Ne4 linakulazimisha uamue papo hapo askofu aende f4, h4 au alindwe kwa kitunda cha h4. Ukirudi f4 na kutaka kumfukuza farasi kwa f3, Mweusi mjuzi anaanza na c5, kisha Qa5 yenye cheki kabla ya kumrudisha farasi wake. Usipoijua hiyo unashangaa.

Kwenye gambiti ya malkia hali ni tulivu zaidi, lakini mitego ipo. Mmoja ni ule wa ndovu: 1.d4 d5 2.c4 e6 3.Nc3 Nf6 4.Bg5 Nbd7 5.cxd5 exd5, na sasa d5 inaonekana ya bure kwa kuwa farasi wa f6 amefungwa. Ukila 6.Nxd5, anakula Nxd5, unamchukua malkia kwa Bxd8, naye anateremsha Bb4 yenye cheki. Huna cha kuweka katikati isipokuwa malkia wako. Vumbi likitua, umepungukiwa kipande kizima. Nimeuona ukimnasa mtu mzima mwenye tai.

Muda. Torre unaweza kuijenga kwa wiki mbili tatu. Trompowsky inataka zaidi, kwa sababu kila jibu la hatua ya pili ni barabara yake. Gambiti yenye Bg5 ni shule ya miezi. Unasoma muundo unaobaki baada ya cxd5 exd5, unajifunza kusukuma b4 na b5, vitunda viwili dhidi ya vitatu, ili kumwachia Mweusi kitunda kibovu c6. Ukiuelewa muundo huo mmoja, utautumia kwenye funguzi nyingine pia. Kwenye pambano la ubingwa wa dunia, Alekhine na Capablanca walicheza michezo 34 Buenos Aires mwaka 1927, na 32 kati yake ilikuwa gambiti ya malkia iliyokataliwa. Mweusi naye ana dawa ya muda mrefu. Ulinzi wa Lasker, ambapo farasi anaruka e4 baada ya Bh4 ili kubadilishana vipande, ndio Anand aliotumia kumshinda Topalov kwa vyeusi kwenye mchezo wa 12, Sofia 2010, na kubaki na taji.

Anawafaa wanaopenda kuuliza swali mapema na kusikia mpinzani akijibu kwa sauti ya kutetemeka, yaani Trompowsky. Wenye subira na michezo mirefu ya saa moja na zaidi waitazame gambiti. Torre iko katikati, na kwa maoni yangu inadharauliwa bure.

Njia ya b2, au kukaa nyumbani

Unafunga e3 mapema kwa hiari, askofu akiwa ndani. Ni mfumo wa Colle, wa Mbelgiji Edgard Colle. Una sura mbili. Kwenye sura ya kwanza unacheza c3 na unasubiri kusukuma e4. Siku kitunda cha e kinapoondoka e3, askofu wa c1 anaamka bila kuhama. Kwenye sura ya pili, inayobeba jina la Zukertort, unacheza b3 na Bb2.

Kazi. Kutoka b2 anatazama e5 na, mbali kabisa, g7. Kasoro ni kwamba d4, kitunda chako mwenyewe, kimesimama mbele ya macho yake. Anamsaidia farasi wa e5 kwa kuchungulia, na anangoja katikati ifunguke. Ikifunguka huku mwenzake yuko d3, mfalme wa Mweusi yuko kwenye mstari wa risasi mbili. Lasker yuleyule aliyesagwa na kinu cha Torre alilifanya hilo Amsterdam 1889 dhidi ya Bauer: askofu wa d3 akajitoa h7, na wa b2 akajitoa g7 hatua mbili baadaye. Mchezo ule ulianza kwa f4, si d4, lakini jozi ya maaskofu ni ileile.

Deni. b2 haimsumbui mtu. Unacholipa ni muda, na mraba wa b4, ambako farasi wa Mweusi hupenda kuja kumgusa askofu wa d3. a3 inatosha, ukiikumbuka.

Mpinzani. Mfumo huu unampenda Mweusi anayecheza d5 na e6. Akimtoa askofu wake f5 au g4 kabla ya kufunga, au akijenga g6, nguvu yote inayeyuka na unabaki na nyumba imara isiyo na madirisha. Muda wa kusoma ni mfupi, karibu sawa na London.

Anamfaa mchezaji asiyependa kufukuzwafukuzwa, anayeona raha kuvumilia hatua kumi na mbili ili apige moja.

Ukishindwa kuamua

Kama mashindano ni wiki ijayo na hujawahi kucheza d4, chukua f4. Jifunze Qb3 dhidi ya Qb6, jifunze h3, nenda.

Kama umeicheza f4 mwaka mzima na unaanza kupata sare zinazofanana, usibadilishe kila kitu. Ongeza c4 kabla ya kumtoa askofu. Bf4 iko hata ndani ya gambiti ya malkia, na itakufundisha miundo mipya huku askofu akibaki mahali unapopajua.

Kama wapinzani wako wa klabu wanajibu 1...Nf6 karibu kila mara, na wewe unacheza saa za dakika tano kwenye simu ndani ya matatu, Trompowsky itakupa pointi nyingi kwa sababu wengi hawajaitayarishia. Dhidi ya mtu aliyejitayarisha faida hiyo hupungua. Carlsen aliitumia kwenye mchezo wa kwanza wa pambano lake la ubingwa wa dunia na Karjakin, New York 2016, na wakatoka sare.

Kama una kocha, michezo mirefu na nia ya kupanda ngazi, Bg5 ya gambiti ndiyo inayolipa polepole, na ukianza sasa utapoteza michezo kadhaa kabla haijakaa. Kama huna kocha na unapenda kumshambulia mfalme, jaribu Zukertort kwa mwezi, lakini uwe na mpango wa pili kwa siku Mweusi atakapojenga g6. Bf4 inatosha kwa kazi hiyo.

Na kama unafundisha watoto, mimi huanza na f4, kisha kabla ya mwezi kuisha nawawekea ubaoni ile 2.Bg5 c6 3.e3 bila kuwaambia iliyenitokea. Yule msichana wa Umoja ilimchukua kama dakika moja. Alifuata safu ya tano kwa kidole, kutoka g5 akirudi nyuma, mraba mmoja mmoja, mpaka kikatua a5.